Gurudumu Lililokataa Kutoka

Mimi ni fundi wa injini hapa Lubumbashi. Karakana yangu ni ndogo: paa la mabati, meza moja ya kazi, mwembe wa kivuli, na vijana wawili wanaojifunza ufundi. Siku nyingi tunatengeneza injini za kusagia mahindi na zile za kutolea umeme. Lakini mwezi wa Oktoba 2023, jua likiwa kali kama tunavyolijua sisi watu wa Katanga kabla ya mvua, nililetewa injini ya mtumbwi. Kazi yake ilinichukua siku tatu. Nataka kuwasimulieni habari yake, kwa maana imenilazimisha kusema jambo nililolificha kwa miaka mingi.

Aliyeileta ni mama mmoja mjane, muuza samaki katika soko la Kenya. Injini ilitoka Kasenga, mji wa wavuvi penye mto Luapula, mbali na hapa zaidi ya kilomita 200. Ilisafiri juu ya lori, imelazwa katikati ya magunia ya samaki wakavu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba tangu zamani za Elisabethville samaki wa Kasenga waliulisha mji huu pamoja na wafanya kazi wa migodi. Mtumbwi ulikuwa wa marehemu mumewe, na sasa shemeji yake ndiye anayeuendesha.

“Fundi,” akaniambia, “mtumbwi usipokwenda majini, watoto wangu hawaendi shule.”

Basi nikaifungua buji, ile inayotoa cheche za kuwasha mafuta, nikavuta kamba ya kuwashia. Cheche hakuna. Nikavuta tena, hakuna. Nikajua ugonjwa uko wapi. Katika injini za namna hii cheche huzaliwa chini ya gurudumu zito la chuma lililo juu ya injini, ambalo sisi mafundi wa hapa huliita volani. Ndani ya volani mna sumaku. Gurudumu likizunguka, sumaku hupita mbele ya koili za waya wa shaba, na hapo umeme hutokea. Koili ikiungua, cheche hufa. Kuibadilisha si kazi kubwa. Kazi ni kuiondoa volani.

Injini ya kufunga nyuma ya mtumbwi si kitu kipya duniani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alianza kuuza zake mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya kuanzishwa kwa mji wetu. Tangu wakati ule mengi yamebadilika, lakini volani ingali inakaa mahali pake kwa namna ya ajabu. Ncha ya mhimili wa injini huchongwa iwe nyembamba kuelekea juu, na tundu la volani huchongwa kwa umbo lile lile. Ukiikaza nati, vyuma viwili hivyo huumana kama kizibo kilichoshindiliwa katika mdomo wa chupa. Mkazo huo ndio unaoshika kazi yote. Pana pia kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kati ya mhimili na gurudumu, lakini kazi yake ni kuonyesha tu mahali volani inapopasa kukaa, ili cheche itoke kwa saa yake.

Kwa hiyo, ukiondoa nati usidhani kwamba umemaliza. Nati ilitoka. Volani haikutikisika hata kidogo. Maji ya Luapula yalikuwa yametia kutu, na tena nilipotazama ncha ya mhimili niliona alama za nyundo. Fundi mwingine alikwisha kujaribu kabla yangu, akashindwa.

Mwanafunzi wangu mkubwa, kijana mwenye nguvu, akachukua nyundo ya kilo mbili na chuma cha kubandulia. “Baba,” akasema, “niachie mimi. Mapigo matatu tu.”

Yule mama alikuwa amekaa chini ya mwembe akingoja. Akaitikia, “Ndiyo, Fundi, apige tu. Kule Kasenga wanapiga.”

Kijana akainua mkono. Nikamshika kiganja. Nikasema, “Kaa chini nikuambie kitu.” Nami nikasema maneno ambayo hata mke wangu hakuwahi kuyasikia.

Mwaka 1989 nilikuwa kijana wa miaka 22, nimetoka kujifunza ufundi kwa Wasalesiani, ambao wamekuwa katika mji huu tangu mwaka 1911. Walinifundisha vizuri, lakini mimi nilikuwa na haraka. Mzee mmoja mvuvi aliniletea injini yenye shida ile ile. Volani ilipokataa, niliipiga nyundo ukingoni, upande huu na upande huu. Ikatoka kweli. Nilipoipindua, sumaku moja ilikuwa imepasuka, vipande vyake vikaniangukia miguuni. Kumbe sumaku ni ngumu lakini ni kavu kama chungu; haistahimili pigo.

Mzee aliporudi nilimwambia, “Baba, ilikuwa imepasuka tangu zamani. Nimeikuta hivyo.” Akaniamini. Akauza nyavu zake mbili ili anunue volani nyingine. Na alipokuwa akiondoka alinipa mkono, akasema, “Asante, mwanangu, kwa kunionyesha.”

Nilipokwisha kusema hayo, karakana yote ilinyamaza. Ndipo yule mama akaniuliza, “Huyo mzee, ulimrudishia?”

“Hapana, Mama. Nilipopata fedha, alikuwa amekwisha kufa.”

Akatazama chini kitambo. Kisha akasema, “Basi, usipige. Nitangoja.”

Tukaanza kazi kwa utaratibu. Kwanza tulisafisha, tukatia mafuta mepesi yanayopenya kutu, tukayaacha yafanye kazi yake usiku kucha. Siku ya pili tulifunga king'oleo. Volani nyingi zina matundu matatu yenye meno karibu na kitovu chake, na matundu hayo yamewekwa kwa kusudi hilo. Bolti tatu huingia humo zikishika bamba la chuma, na bolti kubwa ya katikati huisukuma ncha ya mhimili, hata volani ivutwe juu sawasawa pande zote. Zile bolti tatu ziingie vya kutosha zisije zikang'oa meno, lakini zisiwe ndefu mno zikagusa koili zilizo chini. Wala usitumie king'oleo cha makucha kinachoshika ukingo, kwa maana kitaipinda volani. Nati tuliirudisha mizunguko michache, tukaacha nafasi chini yake. Nitawaambieni sababu yake.

Nikakaza. Nikagonga polepole kichwa cha bolti ya katikati, nikakaza tena. Haikutoka. Nikaleta moto wa gesi, baada ya kuondoa tangi la mafuta na matambara yote, nikapasha joto kitovu peke yake, muda mfupi tu, maana moto mwingi huua sumaku na koili. Chuma chenye urefu wa mita 1, kikiongezewa joto la digrii 100, hurefuka kwa milimita 1 na zaidi kidogo. Basi tundu lenye upana wa milimita 30 litapanuka kwa sehemu 3 au 4 za mia ya milimita. Unywele wa kichwa chako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Lakini mara nyingi kiasi hicho kinatosha.

Siku ile hakikutosha. Jioni ikaingia. Yule mama akaja, akatazama, akaenda zake bila kusema neno. Niliona vibaya sana. Mkono wangu mwenyewe ulitamani nyundo, sikufichi, msomaji. Nikakikaza king'oleo robo ya mzunguko, nikaacha hivyo, nikafunga mlango.

Siku ya tatu, saa sita mchana, tulikuwa nje tukila bukari na lengalenga. Ghafula tukasikia ndani mlio kama wa bunduki: paa! Vijana wakaruka. Tulipoingia, meza ilikuwa ingali ikitetemeka. Volani ilikuwa imejitoa yenyewe, pasipo mkono wa mtu, imeruka juu na kuzuiliwa na nati. Ndiyo sababu nati huachwa pale. Bila hiyo, chuma kile kizito kingeweza kumvunja mtu uso. Sumaku zote zilikuwa nzima.

Tukabadilisha koili. Nikamwachia kijana kazi ya kusafisha ncha ya mhimili na tundu la volani, vikauke kabisa bila mafuta, maana vyuma hivi hushikana vikiwa vikavu. Mimi nikaenda sokoni. Niliporudi nikamkuta amesimama mlangoni, jasho linamtoka.

“Baba, nimeipoteza ile nusu mwezi. Imeanguka mchangani. Nilifikiri kukata msumari niuweke badala yake, usingejua.”

Ni kweli, nisingejua. Msumari ni laini. Injini ingewaka hapa mjini, nasi tungepokea fedha yetu. Msumari ungekatika huko Luapula, mtumbwi ukiwa katikati ya mto.

Sikumkaripia. Nilifungua sanduku langu la vifaa, nikatoa chini yake kipande cha sumaku cheusi, kile cha mwaka 1989. Sikuwahi kukitupa. Tukakifunga kwenye fimbo, tukakipitisha mchangani kama mtu anayefagia. Kikaokota vumbi la chuma, kisha misumari miwili, kisha ile nusu mwezi.

Jioni tuliutumbukiza mkia wa injini katika pipa la maji, na mama akavuta kamba kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya pili ikanguruma. Alinilipa tulivyopatana, nami nikamrudishia sehemu, nikimwambia anunue uzi wa nyavu. Alielewa uzi ule ni wa nani. Hakukataa.

Kijana yule bado yuko kwangu. Nyundo ya kilo mbili inaning'inia ukutani, nayo tunaitumia kwa kazi zake. Na kile kipande cha sumaku sasa kiko mezani, mahali ambapo kila mtu anakiona.