Pini haijafa, imeelemewa

Leo siasa naziweka kando, jamani. Nataka kuuliza swali moja tu: kwa nini kifaa kikigoma, jibu letu la kwanza ni "kimeungua, nunua kingine"?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma ufundi. Alikuwa anamtengenezea mama yake kifaa cha kuwasha taa ya kuwatia joto vifaranga 100. Kinaendeshwa na Arduino Uno. Joto likishuka, pini itoe volti 5, rilei ibane, taa iwake. Rilei ikakaa kimya. Akapima pini: volti 3.4. Akahamia pini nyingine mbili, namba zikawa zilezile.

"Kaka, pini zimekufa. Nisaidie hela ya bodi mpya."

Giza lilikuwa linaingia, na vifaranga wa siku nne hawana manyoya ya kuwakinga na baridi. Lakini pini tatu zife kwa pamoja, na kwa volti zilezile? Haikuniingia akilini. Gazetini tunafundishwa kumsikiliza mtuhumiwa kabla ya kuandika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, chomoa rilei kwanza, upime pini ikiwa peke yake."

Volti 4.9. Pini ni nzima!

Tukafungua maelezo ya mtengenezaji wa ATmega328P, chipu iliyomo kwenye Uno. Pini moja haitakiwi kabisa kuvuka miliampea 40. Tena, chipu ikipewa volti 5, pini inaahidiwa kutoa angalau volti 4.2 ikiwa mzigo wake ni miliampea 20. Koili ya rilei ile ina omu 70. Gawanya 5 kwa 70: inataka miliampea 71! Pini inalemewa, volti zinaporomoka. Angeendelea kuilazimisha, ingekufa kweli.

Dawa yake ni transista ndogo ya NPN. Pini inaipa mkondo mdogo kupitia rezista ya kilo-omu 1, na transista ndiyo inayobeba mkondo wa koili kutoka laini ya volti 5. Sambamba na koili unafunga daiodi, imeelekezwa kinyume, kuzuia mshtuko wa umeme koili inapozimwa. Tulipowasha, rilei ikalia "tik", taa ikawaka.

Kuna mtego mwingine. Programu isipoitangaza pini kuwa ya kutoa umeme, kisha ikaiamuru iwake, mita itaonyesha karibu volti 5. Ukifunga LED, inamulika kwa unyonge, maana umeme unapitia rezista ya ndani ya kilo-omu 20 hadi 50. Hapo hakuna haja ya transista, rekebisha programu tu.

Kwa hiyo pima mara mbili: bila mzigo, kisha mzigo ukiwepo. Bila mzigo zimo, mzigo ukija zinashuka? Usikimbilie dukani, kagua mzigo na programu kwanza.

Wewe je, una bodi ngapi kabatini ulizozizika zikiwa hai?