Vibuyu Nilivyovikataza



Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na kazi yangu ni kupita mashambani nikitoa ushauri. Leo siandiki habari za mbegu wala mbolea. Nataka nikueleze kosa langu.

Nilikuwa katika kijiji kimoja cha Wagogo, mkoani Dodoma. Niliingia katika shamba la mzee mmoja. Mtama wake ulikuwa mzuri, lakini mimung'unye ilikuwa imetambaa mpaka katikati ya mistari. Nikamwambia, "Mzee, ng'oa mimea hii. Inaunyang'anya mtama maji." Mzee alinitazama, akainama, akang'oa. Hakubisha. Sikumwuliza alikuwa ameipanda ya nini.

Baada ya mavuno nilipita nyumbani kwake kumwamkia. Nilimkuta chini ya mti, ana kisu, patasi na ngozi ya mbuzi. Hapo ndipo anapotengenezea mazeze. Kazi ilikuwa imesimama. "Nangoja vibuyu vya mwakani, mwanangu," aliniambia. Mjukuu wake alikuwa ameahidiwa zeze mwaka ule ule. Mtoto yule alikaa kando, ananitazama tu.

Ndugu yangu, niliona aibu. Msimu uliofuata tulipanda mbegu pamoja, safari hii kando ya ua wa miiba, mbali na mtama. Hilo ndilo ningemwambia tangu mwanzo.

Kibuyu hakikatwi kikiwa kibichi. Kinaachwa mpaka kikonyo kikauke. Ukikitikisa, unasikia mbegu zinacheza ndani. Kikikatwa mapema kinasinyaa na kuoza. Mzee hukata mdomo wa kibuyu, akakomba mbegu na nyama kavu mpaka ndani kuwe safi. Kisha huloweka ngozi, akaiwamba mdomoni ingali na maji. Ikikauka kivulini, inajikaza yenyewe. Usiianike juani! Mimi nilianika moja ili tumalize haraka. Ilipasuka. Mzee alicheka sana, nami nikaona deni langu limepungua kidogo.

Mti wa zeze hupenya kibuyu upande mmoja ukatokea wa pili. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama. Siku hizi mzee hufumua waya wa breki ya baiskeli, akachukua uzi mmoja mmoja. Kijiti kidogo huinua nyuzi zisilale juu ya ngozi. Upinde hufungwa nyuzi za katani, nazo husuguliwa kwa ulimbo. Bila ulimbo upinde huteleza tu, zeze likawa bubu.

Pengine umesikia habari za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga zeze mpaka nchi za ng'ambo. Alifariki mwaka 2003. Nami nilikuwa nimemsikia redioni mara nyingi. Wala sikufikiri hata siku moja kwamba zeze huanzia shambani, katika mmea ambao mimi nauita gugu.

Mjukuu amepata zeze lake, la nyuzi mbili. Jioni analipiga nje ya nyumba, na majirani wanakuja. Mimi nimejifunza kutoa sauti tatu. Mzee anasema ni mbili, ile ya tatu ni mlango.