Matamshi ya Kiingereza na Ulimi wa Mswahili

Kiingereza huwafikia wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki kwa njia ya macho kabla ya kuwafikia kwa njia ya masikio. Nchini Tanzania, mathalani, mtoto wa shule ya msingi ya serikali aghalabu hufundishwa masomo yake kwa Kiswahili, kisha huingia shule ya sekondari akakuta karibu vitabu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Huvisoma kwa bidii. Hukusanya maneno maelfu, akajua maana zake na namna ya kuyaandika, lakini mengi katika hayo hajapata kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu. Kwa kuwa ulimi hauwezi kukaa na neno bila ya kulivisha sauti, hulivisha kila neno sauti ambayo lingekuwa nayo kama lingekuwa la Kiswahili. Basi hutokea kwamba mtu mwenye elimu nyingi husimama katika ukumbi wa chuo kikuu kueleza jambo alijualo vizuri, wasikilizaji wakamwomba arudie, akarudia, wakamwomba tena, na mara ya tatu wakanyamaza kwa adabu. Siku nyingine hanyoshi mkono. Hasara ya kimya hicho si yake peke yake, maana hoja aliyokuwa nayo imekwenda naye nyumbani, na ukumbi mzima umekosa faida yake.

Si haki kumlaumu ulimi wake. Kiswahili kilimzoeza uaminifu wa herufi: iandikwavyo ndivyo isomwavyo. Tahajia yake ya herufi za Kirumi ilisanifiwa juzi tu kwa hesabu ya umri wa lugha, chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, wakati ambapo elimu ya sauti ilikuwa imekwisha kukomaa. Kiingereza kilipata bahati nyingine. William Caxton alisimika mtambo wa kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, na wapiga chapa wakaanza kuyafunga maneno katika sura ambazo nyingi zimebaki mpaka leo. Lakini katika karne zile zile irabu ndefu za lugha hiyo zilikuwa zinahama mahali pake. Kitabu kilibaki pale pale, kinywa kikaendelea na safari. Ndiyo sababu herufi nne za mwisho katika maneno "though", "cough", "rough" na "plough" ni zile zile, na kila neno lina mwisho wa sauti yake mbali. Anayetafuta matamshi ya Kiingereza katika maandishi yake ni kama atafutaye nyumba ya mtu kwa anwani aliyoihama babu yake.

Walakini Mswahili haendi katika kazi hii mikono mitupu. Sauti mbili ambazo huwasumbua Wafaransa na Wajerumani wengi miaka nenda miaka rudi, yeye anazo tangu utotoni ikiwa amelelewa katika Kiswahili kizuri. Asemaye "thamani" na "theluthi" kwa ufasaha amekwisha kutamka mwanzo wa "think", na asemaye "dhahabu" na "dhamana" amekwisha kutamka mwanzo wa "this". Tena Kiswahili kimekuwa karimu zaidi, kwa kuwa kimezipa sauti hizo maandishi mawili, hali Kiingereza kimezifungia zote mbili katika nguo moja. Kadhalika katika ng'. Asiyechanganya sauti ya ng'ombe na sauti ya ngoma anaweza kuonyeshwa kwa dakika moja kwamba katika "singer" mna ng' ya ng'ombe, na katika "finger" mna ng ya ngoma. Waingereza wenyewe hawana alama ya kuzitenga.

Kwa hiyo mwanafunzi aambiwaye kwamba hawezi kutamka "think", naye husema "sink", aghalabu ana maradhi yaliyoanza kabla ya Kiingereza. Msikilize katika Kiswahili chake: yamkini humwita mwenye thamani kuwa mwenye samani, akamgeuza mtu wa heshima kuwa muuza viti. Na yule ambaye lugha ya kwao haitenganishi l na r atakuta kalamu na karamu zimemngoja njiani kabla ya kufika kwenye "light" na "right". Mazoezi yake ya kwanza ya Kiingereza yangefaa kufanywa katika Kiswahili, ambako maana anazijua na makosa huonekana upesi. Ni ajabu kwamba madarasa ya lugha hizi mbili hukaa chini ya paa moja wala hayasemezani.

Taabu ya kweli imo katika irabu. Kiswahili kina tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, kama kinavyoelezwa katika kamusi za matamshi, kina zipatazo 20 zikihesabiwa pamoja na zile ziungwazo mbili mbili. Ushahidi wa jinsi sikio la Mswahili lilivyozipokea umo katika maneno aliyoyakopa. Irabu iliyomo katika "shirt", "skirt" na "nurse" ni moja kwa Mwingereza. Lakini Kiswahili kikasema shati, kikasema sketi, kikasema nesi. Mara ilisikika kuwa a, mara ikasikika kuwa e, kwa sababu imekaa mahali ambapo katika nyumba ya irabu tano hapana chumba. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa irabu ya "bank" na "blanket", ambayo ilitupa benki kwa e na blanketi kwa a. Waliokopa maneno hayo hawakuwa wazembe. Kila sikio husikia kwa mizani iliyo nayo, na kinywa hakiwezi kutoa kile ambacho sikio halijakipima.

Hapa ndipo mafundisho mengi hukosea njia. Mwalimu husema "ship", wanafunzi 40 wakaitika kwa sauti moja, naye akaridhika na ukubwa wa kelele. Huenda akawaambia kwamba "sheep" ni kuvuta, na "ship" ni kukata. Shauri hilo lina nusu ya ukweli. Mswahili anajua kuvuta irabu, kwani hutenga kufa na kufaa kila siku. Basi huivuta i yake ile ile, na "ship" hubaki kuwa kondoo aliyefupishwa. Tofauti kubwa zaidi imo katika ulimi: katika neno la chombo cha bahari ulimi hushuka kidogo na kulegea, ukaelekea upande wa e bila ya kufika, hali katika neno la mnyama hupanda na kukaza na midomo ikatanuka. Lakini maelezo hayo pia ni hewa tupu kama mwanafunzi hajaweza kuyatenga maneno hayo mawili kwa kuyasikia, hali amefumba macho.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni waliandika habari za Wajapani watu wazima waliozoezwa kutenga r na l za Kiingereza, sauti ambazo lugha yao haizitengi. Kazi yao ilikuwa kusikiliza, kuchagua neno walilolisikia, na kuambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa. Masikio yao yaliongezeka ukali. Mwaka 1993 watafiti hao walionyesha kwamba aliyezoezwa kwa sauti ya mtu mmoja tu hushindwa kuihamisha elimu hiyo kwa wasemaji wageni; sauti za watu wengi ndizo zenye faida. Na mwaka 1997 Bradlow na wenzake wakatangaza lililo kubwa zaidi: wanafunzi waliozoezwa kusikiliza tu walionekana kuwa wametengeneza na matamshi yao, ingawa hawakufundishwa kutamka. Mwanafunzi aliyekaa na mwenzake kibarazani, mmoja akisoma "ship" au "sheep", "bad" au "bed" au "bird" bila ya utaratibu, na mwingine akionyesha kwa kidole neno alilolisikia, anafanya kazi kubwa kuliko darasa zima linaloitika.

Pwani yetu haikuhitaji kungoja maabara kujua thamani ya msikilizaji. Chuoni, mtoto hukaa mbele ya mwalimu wake akasoma aya moja, pengine neno moja, na mwalimu husikiliza. Herufi ikitoka mahali sipo, husimamishwa, huonyeshwa mahali pa kutokea kwake, akarudia mpaka ikakaa. Elimu hiyo ya makharija ni ya zamani. Sibawayhi, bingwa wa sarufi ya Kiarabu wa karne ya 8, alikwisha kueleza herufi zipi hutoka kooni, zipi kaakaani na zipi midomoni. Katika vyuo hivyo hapana mtoto aambiwaye kwamba atajua kutamka kwa kutazama kitabu. Sehemu isomwayo ni fupi, marudio ni mengi, na baina ya sikio la mwalimu na kinywa cha mtoto hapana mtu wa tatu wa kucheka. Kama lipo somo ambalo mwalimu wa Kiingereza wa leo angeweza kuliazima kutoka jirani, basi ni hilo, bila ya kiboko kilichokuwa kikilisindikiza.

Irabu zikipata mahali pake, bado mkazo. Kiswahili huukaza mwisho kasoro mmoja: soma, somesha, someshana, mkazo unahama lakini kwa sheria isiyopindika. Kiingereza nacho huuhamisha, lakini kwa amri zake chungu nzima. "Photograph" hukazwa silabi ya kwanza, "photographer" ya pili, "photographic" ya tatu. "Record" likikazwa mwanzoni ni jina, likikazwa mwishoni ni kitendo. Hili lisionekane kuwa ugeni mtupu, maana Mswahili anayo barabara ipitiwayo na magari, na analo jambo lililofanywa barabara, na mkazo peke yake ndio hutenga moja na lingine. Ugeni umo katika yale ambayo Kiingereza hufanya kwa silabi zisizokazwa: huzimeza. Katika "banana" Mswahili huzipa a tatu haki sawa kama atoaye sadaka. Mwingereza humpa chakula mtoto wa kati, na wawili wa pembeni huachiwa makombo. Mwanafunzi asiyejua kumeza huchosha wasikilizaji, na mwanafunzi asiyejua kwamba wenzake wanameza hulalamika kwamba Waingereza husema upesi. Hawasemi upesi sana. Wamekula nusu ya maneno. Zoezi lake ni kugonga meza kwa kidole katika silabi zenye mkazo, kwa mapigo yaliyo sawa, na kuziminya nyingine katika nafasi iliyobaki. Anayejua ngoma hatapata taabu nyingi.

Kuhusu konsonanti zirundikanazo mwishoni, kama katika "asked" na "texts", yatosha kusema machache. Kiswahili hupenda kufunga neno kwa irabu, ndiyo maana klabu ya Waingereza ilipata i ya kwanza ikawa kilabu, na benki ikapewa mkia. Dawa ni kuanza mwishoni: sauti ya mwisho peke yake, kisha mbili, kisha tatu, mpaka neno lote likae bila ya irabu ya kukaribisha wageni.

Swali linabaki: kazi yote hii ni ya kumfikisha mwanafunzi wapi? Bernard Shaw aliandika mchezo wa Pygmalion, ulioonyeshwa Vienna mwaka 1913 na London mwaka 1914, ambamo bingwa wa fonetiki humfundisha msichana muuza maua kusema kama binti wa kifalme. Ulimi ukabadilika, na msichana akawa hana mahali: maua hawezi tena kuyauza mtaani, na ubinti wa kifalme si wake. Wapo kwetu watu wapendao safari hiyo. Hukaa London miezi mitatu wakarudi wakitamka Dar es Salaam kama wageni wa hoteli. Hao hawakujifunza matamshi, walijifunza kujitenga. Munro na Derwing walionyesha mwaka 1995 kwamba lafudhi nzito na kutoeleweka ni mambo mawili mbalimbali. Wasikilizaji waliweza kufahamu kila neno la msemaji ambaye wao wenyewe walimhesabu kuwa na lafudhi ya kigeni kabisa. Mswahili ana haki ya kusikika kuwa Mswahili katika Kiingereza, kama Mskochi alivyo na haki yake. Lakini hana haki ya kusema "live" akitaka "leave", kisha akamkasirikia msikilizaji.

Katika chumba cha yule bingwa wa Pygmalion, Shaw aliweka mashine ya kunasa sauti, chombo cha watu wachache kwa wakati huo. Leo chombo cha kazi ile ile kimo mfukoni mwa mwanafunzi, naye hukitumia zaidi kwa kusikiliza sauti za wengine. Achague dakika moja ya mazungumzo ya mtu asemaye vizuri, Mwingereza au Mghana au Mkenya, hapana ubaya. Aisikilize mpaka aweze kuyaandika maneno yote, kisha amfuate msemaji kama kivuli, akisema nyuma yake kwa nusu ya pumzi, bila ya kusimama. Halafu ajinase mwenyewe, asikilize zote mbili, na kutafuta kosa moja tu la kushughulikia juma hilo. Siku ya kwanza ataichukia sauti yake. Karibu kila mtu huichukia. Aihifadhi hata hivyo, akaiandike tarehe, maana baada ya miezi mitatu atakapodhani kwamba hajasogea hata hatua moja, atakuwa na kitu cha kumwonyesha.