Umati Haupigi Simu

Kwenye filamu, moto ukiwaka watu wanakanyagana kukimbia. Mimi ni askari wa zimamoto Dar es Salaam, na ninachokikuta karibu kila zamu ni watu waliosimama.

Usiku mmoja tuliitwa kwenye nyumba ya kupanga, uswahilini, njia yenyewe gari linapita kwa shida. Tunafika, bati zimeshaanza kuporomoka. Watu wamejaa, simu juu, wanarekodi. Aliyepiga 114 hakuwa miongoni mwao. Alikuwa mlinzi wa ghala mtaa wa pili, peke yake, kaona moshi. Wale wa mlangoni, kila mmoja alijua mwenzake ameshapiga. Na si kwamba walikuwa watu wabaya. Vijana walishavunja grili kwa nondo na kumtoa bibi mmoja kabla hatujafika. Simu tu ndiyo ilikosa mwenyewe.

Halafu lawama: "Mmekuja bila maji!" Gari la lita 5,000 likifungua maji kwa nguvu linakauka ndani ya dakika chache, na bodaboda akipita juu ya mpira, hata hayo kidogo yanakatika. Huwa siwajibu. Muda huo sina.

Lakini moto wa nyumba nimeuzoea. Kinachonitisha ni petroli. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019: lori la mafuta limepinduka, watu wakaja na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Sachangwan kule Kenya, Januari 2009, ilikuwa hivyo hivyo. Wanaosoma magazetini husema ni umaskini. Umaskini upo, sibishi, ila huo unamfikisha mtu barabarani tu. Kinachomwingiza mtaroni ni kuona wenzake wameshaingia na hawajaungua.

Mvuke wa petroli huwezi kuuona. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini na kujaa kwenye mitaro, mbali kabisa na lori lenyewe. Pua ikishauzoea, hata harufu unaacha kuisikia. Cheche ya pikipiki inatosha.

Nimewahi kusimamia lori lililolala ubavu, mafuta yanachuruzika. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja wa kwanza na dumu lake la lita ishirini. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapo uliposimama panaweza kuwaka sasa hivi." Akanielewa vizuri tu, akasukuma pikipiki yake nyuma bila kuiwasha, akanishukuru na kuniita braza. Wakaja wawili wenye ndoo, wakanipita kama hawanioni. Wakaja wengine. Nilipogeuka, yule kijana alikuwa amepiga magoti katikati yao, anachota kwa kopo, anacheka.

"Braza, mbona hawa wote wapo?" akaniuliza.

Lori lile halikuwaka. Tulipomwaga povu juu ya mafuta, walituzomea.