Kipimo cha Mgonjwa wa Matumbo

Hapa Koni mtu akiniuliza, "Habari ya tumbo, baba?" nami nikajibu, "Muzuri," wengi hutikisa kichwa. Wajua kwamba utumbo wangu mpana una vidonda visivyokwisha, hutulia kisha huamka tena. Waniona pia kanisani katika benchi la mwisho, karibu na mlango. Basi hudhani nasema hivyo kwa adabu tu. Sivyo, ndugu wasomaji. Nasema kweli, ila kipimo changu si chao.

Mwaka wa kwanza wa ugonjwa, siku njema kwangu ilikuwa ile ya zamani: kula bukari na samaki bila hofu, kupanda lori mpaka Likasi bila kumwomba dereva asimame. Kwa kipimo hicho kila siku ilikuwa mbaya. Hakuna aliyeniamuru kukibadili. Kilibadilika chenyewe polepole, kama vile mkaaji wa Koni aachavyo kusikia kishindo cha maji ya Lufira. Leo siku njema ni kulala mpaka alfajiri, ni kuongea na wajukuu barazani, ni kusikiliza Misa nzima mpaka baraka.

Mwaka 1999 Mirjam Sprangers wa Uholanzi na Carolyn Schwartz wa Marekani waliandika juu ya jambo hili. Walisema mgonjwa wa muda mrefu aweza kubadili kipimo chake cha ndani, aweza kubadili mambo anayoyathamini, tena aweza kuyaona maisha mema kuwa kitu kingine kabisa. Mama anunuaye unga sokoni ataelewa upesi: meka kumi za asubuhi na meka kumi za jioni si sawa, ikiwa muuzaji amebadili kopo. Huko Kanada, mwaka 1989, waganga walitunga maswali 32 ya kuwauliza wagonjwa wa matumbo juu ya maisha yao. Maswali hayo ni mazuri. Lakini hesabu ikipanda, je, utumbo umepona, au kopo limebadilika?

Linalonishangaza zaidi ni uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2006. Waliulizwa watu waliotobolewa tumbo ili choo kitoke katika mfuko, wakaulizwa na wale waliokuwa na tundu hilo zamani likafungwa. Wenye mfuko waliyapa maisha yao thamani kubwa kuliko walivyoyapa wale waliokwisha kuuvua. Yaani hata aliyepita njia hiyo mwenyewe hukumbuka miiba tu! Basi jirani asiyepita kamwe atajuaje? Hata hivyo simlaumu atakaye kufungwa tundu. Papa Yohane Paulo II, aliyepigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, naye alitobolewa hivyo, na hakukubali kutoka hospitali kabla ya kufungwa. Alifungwa tarehe 5 Agosti. Kuzoea si amri.

Tena kuzoea, ijapokuwa naona ni neema, kunanitia hofu kwa upande mmoja. Mtu aweza kuizoea hata damu. Kichocho cha matumbo, ugonjwa wa watu wa mito na maziwa, nacho huleta damu katika choo, nacho hutibika kwa dawa ya praziquantel. Lakini aliyekwisha kusema "tumbo langu ndivyo lilivyo" hatakwenda kupimwa. Yule mwanamke wa Injili alitokwa damu miaka 12, na mali yake yote ilikwisha kwa waganga. Alikuwa na haki ya kuchoka na kukaa nyumbani. Hakukaa, alipenya katikati ya watu mpaka akaligusa vazi la Bwana.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tunazo hesabu mbili. Moja ni ya moyoni mwangu. Ya pili mke wangu huiandika katika daftari: usiku nimeamka mara ngapi, damu ilikuwapo au la, na uzito wangu kila mwezi katika mizani ya dispensari. Ya kwanza nampa Padri na jirani, ya pili nampa mganga. Mwezi uliopita hesabu hizo zilipingana. Mimi nilisema "Muzuri," na moyoni ilikuwa hivyo kweli. Daftari lilionyesha kilo tatu zimepungua. Mganga akatusikiliza wote wawili, mimi na daftari, kisha akabadili dawa.