Jiwe la Nyuma ya Jiko

Katika mji wa Goma hakuna anayefunga safari kutafuta jiwe, kwa kuwa jiwe lilitujia lenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya mji, ukafunika mitaa, ukaliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ukaingia katika Ziwa Kivu. Ulipopoa, watu walirudi, wakashika nyundo na patasi, wakayapasua makoro yale na kujenga juu yake. Ndiyo maana kuta na nyua zetu nyingi zina rangi ile ile nyeusi.

Tulipotengeneza upya jiko letu, swali lilionekana dogo: ukuta ulio nyuma ya mbabula na meza ya kupikia uvikwe nini? Mume wangu alipenda marumaru nyeupe iletwayo kutoka mbali. Mimi niliegemea jiwe la hapa. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ilizikwa mwaka ule, alikataa. “Mwanangu,” aliniambia, “jiwe hili lilimeza nyumba yangu. Leo nilitazame kila ninaposonga ugali?”

Sikuwa na jibu, nami sikumlazimisha. Tulianza kwa kuyachunguza mawe yenyewe.

Marumaru ni ndugu ya chokaa. Tone la ndimu, siki au nyanya likikaa juu yake, huula mng’ao wake na kuacha alama isiyotoka kwa sabuni. Mafuta ya mawese nayo hupenya na kuacha doa la manjano. Katika nyumba inayopika sombe kwa mawese na kukaanga sambaza, ukuta kama huo hudai mtu wa kuufuta kila saa. Nilimwuliza mume wangu ni nani angeufuta. Alinyamaza, kisha akakubali kwamba asingekuwa yeye.

Hata hivyo makoro hayafanani. Tabaka la juu lilipopoa, lilijaa matundu yaliyoachwa na hewa ya moto. Jiwe lake ni jepesi, nalo hunywa mafuta na masizi. Jiwe la ndani, lililopoa polepole, ni zito na limeshikana. Mwashi wetu alitufundisha njia mbili za kulitambua. Ligonge: jiwe zuri hulia kama chuma, na lenye ufa hutoa sauti butu. Kisha lidondoshee maji: tone likibaki juu, jiwe limeshiba, likizama na kuacha weusi, lina kiu.

Tulikwenda pamoja na mama mkwe kwa wapasuaji wa mawe. Yeye ndiye aliyegonga. Nilipoanza kuomba bei ipunguzwe, alinishika mkono. Baada ya mwaka 2002 alikuwa ameponda kokoto ili watoto wake wasome, na alijua uzito wa nyundo mchana kutwa. “Usimpunguzie,” alisema. Tulilipa bei iliyotajwa.

Njiani kurudi alitoa sharti lake: jiwe liwekwe nyuma ya moto, lakini ukuta unaotazamana na kigoda chake ubaki na chokaa nyeupe. Ndivyo ilivyofanyika. Mwezi Mei 2021, mlima ulipowaka tena na wengi wetu tukakimbilia Sake, nilielewa zaidi kwa nini mtu huhitaji mahali pa kupumzisha macho.

Ukuta huo umedumu kwa utunzaji mwepesi. Kabla ya kupaka dawa ya kuziba matundu, tuliacha jiwe na saruji vikauke kabisa. Kila mwaka narudia jaribio la tone la maji, na pale penye kiu napaka tena. Mafuta yakiruka nayafuta kabla hayajapoa. Masizi nayaondoa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na burashi laini. Doa la mafuta lililozama nalifunika kwa tope zito la udongo mweupe, naliacha likauke, nao udongo huyanyonya mafuta. Mbabula haigusi ukuta, kwa kuwa jiwe lenye unyevu likipata moto ghafla laweza kupasuka. Dirisha nalo hubaki wazi, maana hewa ya makala huua bila kunuka.

Ndugu msomaji, mgeni huusifu ukuta mara moja, akaenda zake. Mwenye kupika huishi nao kila siku, pamoja na kumbukumbu zake. Kabla hujamlipa mwashi, mwite huyo, umwulize anachotaka kukitazama na anachoweza kukisafisha. Akijibu kwa kukataa, keti naye kwanza.