Mfinyanzi Hulia Gaeni

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi naongeza: na jina lake halijulikani.

Bibi yangu anafinyanga mitungi hapa Shelui. Madereva wakishuka Sekenke wanasimama, wanauliza bei, wanapakia, haoo! Jina hawaulizi.

Mwaka 1851 kiwanda cha Minton cha Uingereza kilionyesha majolika London, vyombo vya udongo vya rangi za kung'aa. Baadaye kikatoa tausi mkubwa. Aliyemuumba anajulikana, Paul Comoléra. Naye Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, kama bibi. Dunia inamtaja.

Juzi nikashika msumari, mtungi ukiwa bado mbichi. "Bibi, niandike jina lako?"

"Andika la mama yangu. Ndiye aliyenifundisha."